Taa ya Cherehani

Nahodha alirudi nyumbani amelowa chapachapa, na mtu aliyemlowesha alikuwa amemtangulia, amekaa kwenye kochi, mkavu kabisa, anakula.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake pale dirishani, aliinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akishona. Akamtazama mumewe mlangoni, kisha akamtazama yule wa kwenye kochi, mdogo wake wa tumbo moja. Hakuhitaji kuambiwa. Maji yalidondoka kutoka kwenye suruali ya Nahodha yakaanza kuchora njia kuelekea kwenye zulia, na zulia lilinunuliwa na shemeji mtu, kama lilivyonunuliwa kochi, runinga, na hata ile sahani iliyokuwa mapajani mwake.

“Shikamoo, shemeji,” alisema mdogo mtu, tonge mdomoni.

“Marahaba yako kaichukue majini,” alijibu Nahodha. “Ndiko ulikoniacha.”

“Ulikuwa wewe?”

“Hapana, alikuwa samaki kavaa koti.”

Mdogo mtu alimeza tonge. Kivukoni walimwita Risasi, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Alikuwa dereva wa boti ya hoteli kubwa ya ng'ambo, boti nyeupe yenye injini mbili, iliyotembeza wageni majini jioni na usiku ili wapate upepo na wapige kelele. Alivaa shati la hoteli lenye nembo kifuani. Dada yake ndiye aliyelipunguza kiunoni lipate kumkaa.

“Shemeji, haki ya Mungu, sikukuona.”

“Ungepunguza mwendo ungeniona.”

“Ungewasha taa nisingehitaji kupunguza.”

Nahodha alivua koti, akalikamua nje ya mlango, akaingia chumbani bila kula. Sentensi hizo mbili hazikwenda naye. Zilibaki sebuleni, na kwa siku nyingi baadaye zilikaa pale kama wageni wasiotaka kuaga.

Inafaa kusema mapema kwamba Nahodha hakuwa na meli. Alikuwa na kidau cha makasia, kilichozibwa na kuzibwa tena mpaka viraka vikazidi mbao, na kazi yake ilikuwa kuvusha wafanyakazi wa hoteli pale kivuko kikubwa kinapofunga jioni: mpishi, mlinzi, wafagiaji, watandika vitanda. Jina la Nahodha walimpa kwa utani. Likamkaa. Kisha mwenyewe akaanza kuliamini, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

*

Kuhusu taa, Nahodha alikuwa na hoja, tena hoja nzuri. Mpiga makasia huenda mbele akitazama nyuma. Ukimwekea taa nyuma ya kidau, inamwingia machoni, haoni tena maji wala gati. Ukiiweka mbele, mgongo wake unaikinga, na anayekuja kwa nyuma haoni kitu. Kwa hiyo wavushaji wote wa pale walivuka gizani, kwa masikio na kwa mazoea, kama walivyovuka baba zao.

“Na baba zao,” Fundi alimwambia, “walipishana na boti za injini mbili?”

“Majini kuna adabu yake. Mwenye injini humpisha mwenye makasia. Hiyo ni sheria ya maji tangu maji yaitwe maji.”

“Boti inaijua hiyo sheria?”

“Boti haijui. Dereva anajua. Ila dereva mwenyewe ndiye huyo ndugu yako.”

Hiyo ndiyo hoja aliyoisema. Asiyoisema, Fundi aliijua. Miezi michache nyuma Risasi alirudi na habari njema, akaitangaza mbele ya wageni wawili waliokuja kuchukua nguo: hotelini kulikuwa na nafasi ya kuosha boti. “Nimekutajia wewe, shemeji. Kazi ya mchana, kivulini, na sabuni wanatoa wao.” Alisema kwa moyo safi, na huo moyo safi ndio uliouma. Mtu anayeitwa Nahodha hawezi kuambiwa sabuni wanatoa wao. Tangu siku ile Nahodha alikaa kwenye lile kochi kwa ukingoni, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Na tangu siku ile taa haikuwa taa tena. Kuiwasha ilikuwa sawa na kumwambia shemeji yake: pita bwana mkubwa, mimi niko hapa chini, usinikanyage.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kama kitakuwa kinalipa umeme.

*

Abiria nao hawakukaa kimya, maana na wao walilowa. Mpishi wa hoteli, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha jiko zima, aliitisha kikao palepale ndani ya kidau.

“Simu mnazo?”

“Tunazo.”

“Zina tochi?”

“Zina.”

“Basi akija tena huyo mwendawazimu, wote tummulike. Usoni! Aone kama tupo.”

Ikapita kwa kauli moja. Usiku wa pili yake boti ilipokuja inanguruma, simu zote zikainuka pamoja, na mwanga wote ukaenda kwenye uso wa dereva. Boti ikayumba, ikapita karibu kuliko siku zote, wimbi likawabeba na kuwatupa, na ndoo ya mpishi ikaenda zake. Lakini abiria walishangilia. Walikuwa na hakika kwamba sasa wameonekana.

Risasi alifika nyumbani macho mekundu, akayaosha kwa maji ya jagi.

“Dada, mwambie mumeo watu wake wamenipofusha. Nimeendesha nikiona nyota tupu. Nilikuwa sioni hata mkono wangu.”

Nahodha alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale, kwenye ukingo wake wa kochi.

“Mwambie ndugu yako,” alisema, akitazama runinga iliyozimwa, “afadhali yeye kaona nyota. Sisi siku moja tutaziona kwa karibu.”

“Mwambie mumeo kuna taa zinauzwa sokoni.”

“Mwambie ndugu yako kuna breki.”

“Mwambie mumeo boti haina breki!”

“Ehee! Mwambie basi amesema mwenyewe.”

Fundi alikuwa na sindano mdomoni, asingeweza kumwambia mtu kitu hata angetaka. Binti yao, aliyekuwa akiandika kazi ya shule sakafuni, aliinua kichwa. “Mama umekuwa mnara wa simu,” alisema, na wanaume wawili wakamgeukia kwa pamoja kumkemea. Ndilo jambo la kwanza walilofanya kwa pamoja wiki ile.

Palepale umeme ukakatika. Fundi alikuwa amezoea. Alikuwa na taa ndogo ya kuchaji yenye kibanio, aliyoibana kwenye shingo ya cherehani kwa nyakati kama hizo, maana wateja hawajui habari za umeme. Kibanio kilikuwa kimelegea, kwa hiyo binti aliishika kwa mkono, akamwelekezea mama yake moja kwa moja usoni.

“Mulika sindano, mwanangu,” Fundi alisema, amefumba macho. “Ukinimulika mimi, sote hatuoni kitu.”

Binti akashusha mkono. Uzi ukaingia. Lakini Fundi hakushona. Alikaa na ule uzi kwa muda, akiwatazama wanaume wake wawili gizani, kila mmoja na upande wake wa kochi.

*

Hofu ya Fundi ilikuwa moja, na tuiseme kama alivyokuwa akijisemea mwenyewe alfajiri, macho darini. Hakuogopa maji. Maji yamechukua watu wengi na watu wameendelea kuyanywa. Aliogopa msiba ambao asingejua amkalishe wapi mdogo wake. Atamweka kwa wafiwa? Atamtoa nje? Nani atamletea maji ya kunawa uso, na kwa mkono gani?

Alianza na mdogo wake, alipokuwa akimpigia pasi shati.

“Ukimgonga mume wangu, nani atanitunza?”

“Dada, usiongee hivyo, unaniletea mkosi.”

“Nakuuliza.”

“Mimi nitakutunza.”

“Wewe uliyemuua?”

Risasi alichezea kola ya lile shati.

“Dada, wewe unadhani napenda? Wale wageni wanataka nywele zipepee. Nikipunguza, wanaanza kutazama saa. Meneja ameshatuambia, wageni hawakulipia kuelea. Dereva aliyekuwepo kabla yangu alikuwa mwangalifu sana. Unajua yuko wapi sasa?”

“Wapi?”

“Mimi mwenyewe sijui. Ndiyo maana yake.”

Kwa mumewe alipita njia nyingine. Alipata vizibao vichakavu vya mafundi wa barabara, akakata zile tepe zinazong'aa zikipigwa na mwanga, akazishona kwenye koti la Nahodha, mbili mgongoni, moja kila mkono. Alishona vizuri kuliko alivyomshonea mteja yeyote. Nahodha alilipokea, akashukuru, akalivaa, akatoka.

Siku chache baadaye Fundi alikwenda kivukoni kumpelekea mpishi gauni lake, akamwona mumewe kwa mbali. Koti halikung'aa. Alisogea karibu. Mtu aliyemwoa fundi alikuwa amelivaa koti ndani nje, bitana juu, mishono yote hadharani, na zile tepe zikimng'aria kwapani mwake mwenyewe.

Mvushaji mmoja alikuwa bado anacheka. “Juzi tulimuuliza, Nahodha, leo unafagia barabara gani ya majini? Tangu hapo kaligeuza.”

Fundi alimkabidhi mpishi gauni lake, akarudi nyumbani. Alifungua kibanio cha taa kwenye cherehani, akakikaza kwa koleo, akaiweka taa kwenye mfuko wake wa nailoni wa kubebea kazi.

*

“Leo na mimi napanda,” alisema jioni ile.

“Unakwenda wapi?”

“Kupeleka kazi ng'ambo. Wamenipa vitambaa vya meza nivipinde.”

Ilikuwa kweli. Vitambaa alikuwa navyo, vyeupe pe, vimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ila siku zote alimpa mpishi avipeleke. Nahodha alimtazama, akataka kuuliza, akaona ni afadhali asijue.

Hotelini kulikuwa na sherehe ya matajiri fulani. Taa zilikuwa nyingi mpaka maji ya pale gatini yalionekana kama yanachemka. Mpokea kazi alivikagua vitambaa, akavirudisha viwili kwa sababu, alisema, pindo halikunyooka. Fundi aliliona pindo, lilikuwa limenyooka kama rula. Hakubishana. Siku nyingine angelibeba jambo hilo moyoni wiki nzima, lakini usiku ule alikuwa na mzigo mwingine. Alivirudisha mfukoni, akashuka ngazi za wafanyakazi, akapanda kidau na mpishi, mlinzi aliyemaliza zamu, na wafagiaji wawili.

Walipotoka kwenye mwanga wa hoteli, giza liliwafunika ghafla. Nahodha alipiga makasia akiutazama ule mwanga ukirudi nyuma, na kwa sababu aliutazama, mbele alikuwa haoni kitu. Fundi alikaa mkabala naye, nyuma ya kidau. Kwa mara ya kwanza alielewa kazi ya mumewe ilivyo: kumtegemea kila mtu aliye nyuma ya mgongo wako kwamba ana akili.

“Umelivaa vibaya koti,” alimwambia taratibu.

“Najua.”

“Ligeuze.”

“Hapa katikati ya maji?”

“Kwani kuna mtu atakucheka hapa?”

“Nipo mimi,” alisema mpishi.

Nahodha alikuwa anataka kucheka aliposikia injini. Wote waliisikia. Ilikuwa kwanza mngurumo mdogo upande wa hoteli, kisha haukuwa mdogo. Muziki ulikuwa umo ndani yake, na watu wanapiga mayowe ya furaha. Boti ilikuwa imetoka kwenye zile taa na ilikuwa inakuja, pua imeinuka juu ya maji, na mtu aliyeiendesha, kama unaukumbuka mkasa wa mpishi na simu zake, alikuwa ametoka kutazama mwanga mkali na hakuwa na macho ya gizani hata kidogo.

“Simu!” mpishi aliamrisha.

Simu zikainuka.

“Zimeni!” Fundi alipiga kelele. Hakuwahi kumpigia mpishi kelele, hakuna aliyewahi. “Zimeni! Msimmulike machoni, hataona! Zimeni, nawaomba!”

Zikazimika, labda kwa mshangao. Nahodha alikuwa ameanza kugeuza kidau kwa kasia moja, lakini kidau chenye watu sita hakigeuki kama mtu anayeitwa jina. Fundi aligeuka kuielekea boti, akaingiza mkono kwenye mfuko wa nailoni. Taa ikaja pamoja na kitambaa cha meza. Alikitupa kitambaa mabegani, kikafunguka mpaka magotini, akaibana taa mbele yake kwenye ukingo wa kidau, akaiwasha, akaielekeza juu, kwenye uso wake mwenyewe.

Sasa yeye ndiye hakuona kitu. Aliona weupe mtupu. Alisikia injini ikija na akasikia mumewe akilitaja jina lake, jina lake la kuzaliwa, ambalo hakulitumia tangu binti alipozaliwa. Hakufumba macho. Alijua kwamba akifumba, uso utakuwa si wake, na alitaka ujulikane ni wa nani.

Injini ikalia sauti nyingine, kama kitu kinachopasuliwa. Muziki ukakatika. Mtu akapiga yowe ambalo halikuwa la furaha. Kisha wimbi likawafikia, likawanyanyua, likamwaga nusu yake ndani ya kidau, na taa ikazimika.

Walikuwepo wote. Mpishi ndiye aliyehesabu, kwa kumpiga kila mtu bega. Wakaanza kuyatoa maji kwa bakuli, kwa kofia ya mlinzi, kwa viganja. Boti ilikuwa imesimama upande wa pili, inaelea, kama kitu kisichojua kuelea kulivyo. Huko sauti ya mwanamume ilikuwa ikilalamika kuhusu suti yake. Na juu ya sauti hiyo ikasikika nyingine, nyembamba, ya mtu ambaye kivukoni wanamwita Risasi.

“Dada? Dada, ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Uko mzima?”

“Niko mzima. Na mume wangu yupo hapa.”

“Mwambie shemeji…” sauti ilianza, ikashindwa.

“Mwambie mwenyewe,” alisema Fundi. “Anakusikia.”

*

Risasi alifika nyumbani kabla yao, lakini hakuingia ndani. Walimkuta amekaa kizingitini, shati la hoteli limefunguliwa vifungo. Binti alikuwa amemfunika shuka, naye alikuwa amesahau kwamba amefunikwa.

“Nilikuwa nakuja moja kwa moja,” alisema. “Kidau sikukiona, dada. Naapa. Sikuona maji, sikuona watu. Niliona uso wako tu, umesimama hewani, na kitu cheupe. Nikajua umekufa na umekuja kuniambia.”

“Kukuambia nini?”

“Kwamba ni mimi.”

Akalia. Alilia kwa sauti, kama anavyolia mtu ambaye hana mazoea. Fundi alisimama pale na nguo zake zilizolowa, akamshika kichwa. Alimwonea huruma na alitaka kumchapa kibao, na vyote viwili vilikuwa kweli. Nahodha alipita pembeni yao, akaingia, akakaa kwenye kochi bila kujali kwamba amelowa. Alikaa katikati kabisa.

“Shemeji,” aliita kutoka ndani, moja kwa moja, bila mnara. “Njoo ule. Chakula kinapoa.”

Asubuhi Meneja alimwita Risasi ofisini. Huko nyuma alikuwa amekimbiza ile boti usiku na mchana, amelowesha wavuvi na wavushaji, amevunja kasia la watu, na hakuna aliyemwita ofisini hata siku moja. Sasa ameisimamisha, ndiyo ameitwa. Mgeni mmoja amemwagikiwa na kinywaji, mwingine amepoteza kiatu, na mama mmoja amepiga goti lake kwenye kiti.

“Umekata kona bila kutoa tahadhari,” alisema Meneja.

“Kulikuwa na watu mbele, bosi.”

“Watu gani?”

“Wafanyakazi wa hapa hapa. Mpishi alikuwemo.”

“Mpishi leo kaja kazini?”

“Kaja.”

“Basi hakuna tatizo la watu. Tatizo ni la wageni.”

Akaambiwa arudishe shati, lifuliwe kwanza. Fundi alilifua, akalipiga pasi, na kwa sababu lilikuwa limepunguzwa kiunoni, akafumua mshono wake mwenyewe na kulirudisha kama lilivyokuwa, ili likamkae dereva mwingine yeyote.

*

Risasi alikaa kwenye kochi lake wiki moja. Jumatatu Nahodha alimtupia kasia la akiba.

“Twende.”

“Mimi sijui makasia, shemeji.”

“Ni rahisi. Unakaa kivulini, na sabuni tunatoa sisi.”

Hayo yalikuwa maneno ya kisasi, lakini alikuwa anacheka alipoyasema, na Risasi naye, baada ya kufikiri kidogo, akacheka. Wakawa wanakwenda wawili. Nahodha alipiga makasia. Risasi, ambaye viganja vyake vililainishwa na usukani vikachubuka siku ya kwanza, alipewa kazi ya taa. Taa ya cherehani ilikauka ikawaka tena, na sasa ilikaa kivukoni. Fundi hakushona tena usiku. Wateja walinung'unika, akawaambia waje mchana. Koti nalo lilivaliwa tepe nje. Yule mvushaji alipouliza tena ni barabara gani inayofagiwa, Nahodha alimjibu kwamba ni ile itakayopita jeneza lake, na mwezi haukuisha mvushaji mwenyewe akamletea Fundi koti, eti kama zile tepe zimebaki.

Hoteli ilipata dereva mpya haraka. Hakuna aliyemjua. Alitoka mbali, alipanga chumba upande uleule wa ng'ambo, na alikuwa na kasi kuliko Risasi, kwa sababu aliambiwa kilichomfukuzisha Risasi.

Jioni moja Fundi alishuka mpaka gatini kuwangoja, akakaa juu ya ngazi. Giza lilikuwa limeshaingia. Mbali majini aliiona taa yake, ndogo, ya manjano, na ndani ya mwanga uso wa mdogo wake, amejimulika mwenyewe kama alivyofundishwa, mapema kabisa, kabla injini haijasikika. Kisha injini ikasikika. Ilitoka kwenye zile taa za hoteli, na muziki wake, na mayowe yake, ikielekea palepale.

Fundi alisimama.

“Punguza mwendo wewe!” ilikuwa sauti ya Risasi, inapasuka kwa hasira. “Hutuoni? Punguza mwendo!”

“Inua taa, shemeji!” sauti ya mumewe. “Taa kwanza! Iinue!”

Taa ikapanda. Halafu ukatokea uso wa pili kando ya ule wa kwanza, shavu kwa shavu, Nahodha ameacha makasia na kujibanza chini ya mwanga pamoja na shemeji yake, tepe zote za koti zinang'aa, wanaume wazima wawili wanamwonyesha mtu wasiyemjua nyuso zao. Fundi alijikuta ameinua mikono, kana kwamba na yeye ana kitu cha kuonyesha. Uso wake ulikuwa na maana kwa yule aliyeukuta majini usiku ule. Huyu wa sasa hakuwa na dada upande huu.

Boti haikupunguza. Ilipinda kidogo tu, kwa kadiri ya kuwaacha watu hai, ikapita.

Walifika gatini wamelowa chapachapa, wote wawili, wakarudi nyumbani na Fundi, maji yakidondoka njia nzima. Binti alikuwa amewasha runinga na kuandaa chakula. Nahodha alisimama mlangoni, akalitazama lile kochi, kama anayemtafuta mtu wa kugombana naye. Lilikuwa tupu.